Mtoto mwenye ADHD: tumsifu, tumpe kazi, au tumwache akue? Wazazi na walimu wa Tanga, naomba mawazo yenu

1. MamaWaChumbageni

Wadau, habari za jioni. Mwanangu wa kiume ana miaka minane na yuko darasa la tatu. Daktari wa afya ya akili alituambia kuwa ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayompa mtoto shida ya kutulia, kuzingatia na kujizuia, baada ya kutuhoji kwa kirefu mimi na baba yake, kukaa na mtoto mwenyewe na kuomba maelezo ya mwalimu wa darasa. Tangu hapo kila ninayemweleza ananipa ushauri uleule: mtie moyo. Nimeusikia kwa daktari, kwa mawifi, hata kwa dereva wa bajaji, lakini hakuna anayenieleza kumtia moyo mtoto wa namna hii kunafanyika vipi.

Juzi nilikaa naye mezani kwa hesabu za kutoa kwa kukopa. Aliandika tarakimu ya kwanza, akainuka kwenda kunywa maji, akarudi na kizibo cha chupa akawa anakizungusha juu ya daftari, akaandika tarakimu ya pili mahali pa ile ya kwanza, akafuta, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Alipoliona tundu alilifunika kwa kiganja akasema, "Mimi sijui kitu." Jirani aliyekuwa amekuja kunitembelea, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Una akili sana wewe." Mtoto akamtazama, akamjibu, "Wewe shuleni hupo."

Mama mkwe anasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hivyo nipunguze sifa. Daktari anasema niongeze. Kwa mtoto ambaye kutwa anasikia kaa, nyamaza, acha, umesahau tena, ni maneno gani ya kumjenga ambayo mwenyewe atayaamini?

2. MwalimuWaPongwe

Pole, Mama, na hongera kwa kumfikisha kwa daktari, maana watoto wengi wa aina hii huishia kwa mwalimu, na mwalimu naye huishia kwenye fimbo. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu mwanao alimjibu jirani sawasawa. Ametoka kutoboa daftari, halafu anaambiwa ana akili. Anajua fika kwamba aliyesema hakutazama. Lau jirani angesema, "Nimeona ulikwenda kunywa maji na ukarudi mezani mwenyewe bila kuitwa," mtoto asingekuwa na cha kubishia, kwa sababu kweli alirudi.

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa darasa la tano. Wote walipewa mafumbo mepesi wakafanya vizuri. Baadhi wakasifiwa kuwa wana akili, wengine wakasifiwa kuwa wamejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu yaliyowashinda. Waliosifiwa akili walipoteza hamu, wakafanya vibaya zaidi kwenye mafumbo ya mwisho ambayo ugumu wake ulikuwa sawa na wa yale ya mwanzo, na walipotakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, wengi wao kuliko wenzao walidanganya. Mimi darasani nasifu kitendo, naitaja sehemu yenyewe ya kitendo, na nasema papo hapo.

3. BabuWaRaskazone

Wanangu, nawasalimu. Mimi nimelea watoto na wajukuu, na mtoto asiyetulia nimemwona tangu zamani. Tulimwita mtukutu, tukampeleka baharini akaogelea mpaka akachoka, na usiku alilala. Leo mtukutu huyohuyo ana jina la herufi nne na faili hospitalini. Naona maradhi haya yamekuja na simu na televisheni. Mtoto akishaambiwa kwamba ana ugonjwa wa kutotulia, atautumia kuwa udhuru wa maisha yake yote, na hapo hata mumsifu vipi hatajengeka.

4. MuuguziNgamiani

Shikamoo, Babu. Naomba nirekebishe jambo moja kuhusu simu na televisheni. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London mwaka 1902 kuhusu watoto wenye akili ya kawaida ambao hawawezi kutulia wala kujizuia, na wakati huo televisheni haikuwepo popote duniani. Makadirio ya kimataifa yanazungumzia takriban asilimia 5 ya watoto, na tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi una nguvu kubwa: unaeleza takriban asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika dalili hizi.

Tena si kila mtukutu ana ADHD. Vigezo vinataka dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zidumu angalau miezi sita, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, au aliyebadilika baada ya msiba, huyo tunamtazama kwa jicho jingine. Kabla ya yote apimwe masikio na macho, aulizwe usingizi wake, na iangaliwe historia ya degedege na ya malaria kali, kwa sababu malaria iliyopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto matatizo ya umakini kwa muda mrefu. Nimewahi kumpokea mtoto aliyeitwa mkaidi, kumbe sikio lake lilikuwa likitoa usaha na alikuwa hasikii vizuri. Hata angetiwa moyo namna gani, sikio lisingepona.

5. FundiBaiskeli_Makorora

Mwalimu amesema vizuri, lakini naona nyote mnatafuta maneno. Dada yangu ana kijana wa miaka kumi na mitatu, shule imemkataa na yeye ameikataa shule. Alipoanza kuja gereji kwangu likizo sikumpa sifa yoyote. Nilimkalisha mbele ya ringi iliyopinda, nikamwonyesha kwamba spoku ya kulia ukiikaza ringi inakuja kulia na ya kushoto inaivuta kushoto, robo mzunguko tu kwa mara moja, halafu unazungusha gurudumu na kutazama linapogusa kipande cha chaki ulichokishikilia. Hapo jibu linakuja palepale: chaki ikigusa, bado, ikiacha kugusa, tayari. Mtoto ambaye mwalimu wake anasema hawezi kukaa dakika tano alikaa na gurudumu lile tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri.

Baada ya muda nikamwachia baiskeli ya mteja. Mzee mwenye baiskeli alipanda, akazunguka mtaa, akarudi na kulipa bila kusema neno. Kijana alitembea siku ile kifua mbele, na hakuna aliyemwambia hongera. Tanga hii ya baiskeli ina magurudumu mengi yanayosubiri vijana kama yeye.

6. MsomajiWaUsagara

Fundi, uliyoyaeleza yana msingi wa kitaalamu. Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza jambo: kulifanya mwenyewe na kufaulu, kumwona mwingine anayefanana naye akifaulu, kuambiwa na wengine kwamba anaweza, na hali ya mwili wake wakati huo. Chanzo alichokipa uzito mkubwa kuliko vyote ni cha kwanza. Kuambiwa kumo, lakini peke yake hakudumu, kwa sababu mtoto akiambiwa anaweza kisha akashindwa, kushindwa kule ndiko kunakobaki.

Hata hivyo nataka kulihoji swali lenyewe la mleta mada. Sote tumechukulia kwamba watoto hawa hawajiamini. Betsy Hoza na wenzake nchini Marekani walipowalinganisha watoto wenye ADHD na wenzao, waliona kwamba wengi wao hujikadiria juu kuliko wanavyokadiriwa na walimu au vipimo, na hasa katika yale wanayoyashindwa zaidi. Kama ni hivyo, kuwaongezea sifa huenda kukawa kuongeza maji baharini. Wapo wanaosema kujikweza kule ni ngao ya aibu, na wapo wanaosema ubongo wao haujapima vizuri walichofanya. Maelezo hayo mawili yanatupeleka kwenye malezi tofauti kabisa.

7. MamaWaChumbageni

Asanteni. Msomaji, kwangu mambo hayo mawili yanakaa ndani ya mtoto mmoja. Ukimuuliza mpira, anakwambia Coastal Union wakimchelewesha watajuta, ilhali timu ya mtaani haimpangi kwa sababu anaondoka uwanjani mchezo ukiendelea. Ukimuuliza hesabu, yeye ni mjinga kuliko wote duniani. Hakuna siku nimemsikia akisema, "Hili naliweza kidogo."

8. ShangaziWaBarabaraYa20

Mdogo wangu, mimi nakuuliza kuhusu chakula. Kashata, visheti, soda na juisi za pakiti, mtoto anameza sukari kutwa nzima, halafu tunashangaa hatulii. Anza na sukari, ndipo uje kwenye sifa.

9. MuuguziNgamiani

Shangazi, kupunguza sukari ni jambo jema kwa meno na kwa uzito, lakini kwa utulivu wa mtoto limepimwa. Mwaka 1995 Mark Wolraich na wenzake walikusanya majaribio ambayo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi kujua kipi ni kipi, na tabia haikutofautiana. Mara nyingi visheti vinaliwa harusini na siku ya Idi, na watoto wote siku hizo hawatulii.

10. UstadhWaMsambweni

Assalaam alaykum. Nafundisha chuoni, yaani madrasa, na ninao watoto wa aina hii kila mwaka. Yupo mmoja ambaye tulishindana naye kwa jamvi: ukimkalisha, anamsukuma wa kulia, anamfunga kanzu wa kushoto, na aya haingii. Siku moja nilimwagiza akachote maji ya udhu, nikamsikia njiani akisoma Surat al-A'la kwa sauti, aya kwa aya, bila kukosea. Kumbe alikuwa amehifadhi kwa kuwasikia wenzake. Tangu hapo anahifadhi akitembea barazani, na wakati wa maulidi nampa dufu, kwa sababu mikono yake ikiwa na kazi, ulimi unatulia kwenye qasida.

Kuhusu kutia moyo, nimejifunza kuangalia mahali pa kusemea. Nikimsifu mbele ya wenzake wote, anavimba na dakika hiyohiyo anafanya kituko ili waendelee kumtazama. Nikimsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia baba yake, yeye akiwa anasikia, "Leo amehifadhi na amemsubiri mwenzake amalize," anakaa nalo wiki nzima. Fundi anasema maneno si kitu. Mimi nasema neno likipita kwa baba lina uzito ambao ringi haina.

Niongeze jambo kwa wazazi wanaoniletea watoto wakidai wana mashetani. Dua tunasoma na hatuiachi, lakini namwambia mzazi aende na hospitali pia, na asimwambie mtoto kwamba ana jini ndani yake, kwa kuwa neno hilo mtoto hulibeba mpaka utu uzima.

11. BabuWaRaskazone

Ustadh, hapo umenena. Muuguzi naye nimemsikia kuhusu huyo daktari wa mwaka 1902, na hoja ya televisheni naiweka kando. Lakini la udhuru bado nalishikilia. Fundi, kijana wako naomba aje achukue baiskeli yangu, maana gurudumu la nyuma linayumba tangu mfungo uliopita na wewe mwenyewe unaniahidi kesho kila siku.

12. FundiBaiskeli_Makorora

Shikamoo, Babu. Atakuja Jumamosi, na atakuja yeye, si mimi.

13. BintiMuheza

Nimesoma tangu juu, na watoto wote waliotajwa ni wa kiume. Mimi niligunduliwa nikiwa mtu mzima. Sikupanda miti wala sikumsukuma mtu. Nilikaa nyuma kimya, nikitazama dirishani, na daftari langu la sayansi lilikuwa na vichwa vya habari tu bila chochote chini yake. Wasichana wengi wenye ADHD wako hivyo, umakini unapotea bila vurugu, kwa hiyo hawamsumbui mtu na hakuna anayewapeleka popote.

Maneno yaliyoniumiza zaidi yalikuwa ya kunitia moyo. Kila ripoti iliandikwa, "Ana uwezo, ila hajitahidi. Akiongeza bidii atafika mbali." Nilikuwa najitahidi mpaka kichwa kinauma. Mwalimu, kusifu bidii nakubaliana nako kwa watoto wengi, lakini kwa mtoto ambaye bidii yake haionekani kwenye daftari, bidii hiyohiyo inageuka kuwa shtaka. Akikosa, maana yake hakujitahidi. Aliyenijenga ni bibi yangu aliyekuwa akiuza machungwa stendi. Alinipa kazi ya kurudisha chenji, na kabla mteja hajaondoka alinitaka niitaje kwa sauti: "Umetoa elfu mbili, machungwa ni mia nane, chenji elfu moja mia mbili." Hakuwahi kuniambia niongeze umakini. Alinipa njia ya kuupata, kwa sababu nilipotamka kwa sauti sikuweza kupotea katikati ya hesabu.

14. MwalimuWaPongwe

Binti, asante, hilo nalichukua. Nafikiri ulichokipata kwa bibi kinaweza kuingia darasani kwa namna hii: badala ya kusifu kiasi cha bidii, mwalimu ataje mbinu ambayo mtoto ameitumia. "Umefunika hesabu za chini kwa karatasi ili uone moja tu, na umeimaliza." Mbinu inaonekana, na kesho inaweza kutumika tena.

Kuhusu fimbo, ambayo hakuna aliyeigusa waziwazi, naomba tukumbushane kwamba kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinataka itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Mtoto mwenye ADHD anachapwa nje ya kanuni hizo karibu kila siku kwa kuinuka, kwa kusahau kalamu, kwa kujibu kabla hajaulizwa, yaani kwa mambo ambayo hakuyakusudia. Mzazi hawezi kujenga jioni kinachobomolewa kila asubuhi.

15. BabaMikanjuni

Ndugu, naomba niseme upande wa wazazi. Muuguzi ametaja urithi, na mimi nikimtazama mwanangu najiona mwenyewe: nasahau funguo, naanza kazi tatu bila kumaliza hata moja, na hasira zinanipanda upesi. Sasa mtu wa hali hiyo anaambiwa awe mtulivu, asifu papo hapo, ataje mbinu, asisahau. Nikirudi kutoka bandarini nimechoka, naona kwanza kiatu kimoja kiko ukumbini na kingine kiko kwenye banda la kuku. La kusifu linataka utafutwe muda wa kuliona.

Kilichonisaidia ni maelezo ya daktari kuhusu ukuaji wa ubongo. Philip Shaw na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2007 vipimo vya picha za ubongo vilivyoonyesha kuwa kwa watoto wenye ADHD gamba la ubongo hufikia unene wake wa juu kwa kuchelewa, kwa wastani wa miaka kama mitatu, na ucheleweshaji ni mkubwa zaidi katika sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia na kupanga. Tangu nilipolielewa hilo, kwa mambo ya viatu na begi namhesabia mwanangu wa miaka kumi kuwa ni wa miaka saba. Kwa mtoto wa miaka saba, kuleta kiatu kimoja hadi ukumbini ni hatua, na naweza kusema "asante kwa hiki, kalete na mwenzake" bila kujilazimisha. Wala sijamwongezea sifa, nimeshusha kipimo.

16. MsomajiWaUsagara

Baba, kushusha kipimo kuna hatari yake. Eddie Brummelman na wenzake wa Uholanzi, katika utafiti wa mwaka 2014, waliwapa watoto picha ya kunakili. Baadhi walisifiwa kawaida kwamba wamechora vizuri, wengine wakaambiwa kuwa wamechora vizuri ajabu. Walipoachiwa wachague kazi inayofuata, watoto wenye kujithamini kidogo waliosifiwa kwa kupita kiasi ndio walioikwepa kazi ngumu. Na utafiti huo ulionyesha kwamba watu wazima huwapa sifa za kupita kiasi watoto haohao wanaojithamini kidogo, kwa huruma. Mama mkwe na methali yake ya mgema hakuwa mbali sana.

17. MwalimuWaPongwe

Msomaji, watoto wa utafiti huo hawakuchaguliwa kwa kuwa na ADHD. Wenye ADHD wana jambo la ziada: malipo yanayochelewa yanapoteza nguvu kwao upesi kuliko kwa wenzao, ndiyo maana zawadi ya mwisho wa muhula haimtikisi hata kidogo. Wanahitaji kusikia mara nyingi na mapema. Kusema mara nyingi hakulazimishi kutia chumvi. "Umeanza." "Umefika nusu." "Umesahihisha hiyo." Hayo ni maneno madogo, ya kweli, na yanaweza kusemwa hata mara ishirini kwa somo moja.

18. BintiMuheza

Mara ishirini, Mwalimu, nami ningekuomba uninyamazie. Yupo mtoto anayependa kutajwa kila hatua, na yupo anayehisi anachungwa. Aulizwe mwenyewe.

19. ShangaziWaBarabaraYa20

Sukari nimeiacha, lakini bado nina swali. Nimesikia kuna vidonge. Wengine wanasema vinamfanya mtoto awe zuzu, wengine wanasema akivimeza hahitaji kutiwa moyo wala kitu kingine. Lipi ni kweli? Na yule muogeleaji wa Marekani mwenye medali nyingi, si inasemekana alikuwa hivihivi?

20. MuuguziNgamiani

Shangazi, ni kweli, Michael Phelps aligunduliwa akiwa na miaka tisa, na ana medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake za dhahabu. Babu atafurahi, maana ni habari ya maji tena.

Dawa inayotumika zaidi duniani ni methilfenideti. Ilitengenezwa mwaka 1944 na kuanza kuuzwa miaka ya 1950, kwa hiyo si jambo jipya. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulifuatilia watoto 579 wa umri wa miaka 7 hadi 9 kwa miezi 14, wakiwa katika makundi yenye matibabu tofauti, na katika kupunguza dalili zenyewe dawa iliyosimamiwa kwa makini ilifanya vizuri kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Walipofuatiliwa baadaye, kufikia mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Dawa inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, na mtoto akionekana zuzu, hiyo ni sababu ya kurudi kwa daktari ili kipimo kiangaliwe upya. Kwa walio chini ya miaka sita, miongozo hutanguliza kuwafundisha wazazi. Dawa ikimkubali mtoto, inampa nafasi ya kumaliza hesabu. Haimfundishi kwamba yeye ni mtu wa kumaliza hesabu. Hilo bado linataka mtu aliyeketi karibu naye.

21. BintiMuheza

Kuhusu Phelps, tumtaje kwa uangalifu. Niliambiwa habari za watu maarufu wenye ADHD, na nikajiona nimeshindwa mara mbili: sina umakini, na sina kipaji cha kufidia. Bandura aliyetajwa na Msomaji alisema mfano uwe wa mtu anayefanana na mtoto. Kijana wa Fundi anamfaa zaidi mtoto wa Chumbageni.

22. MamaWaChumbageni

Nawashukuru sana. Nimeanza kutumia maneno ya Mwalimu, nayo yanakwenda vizuri kwenye kusoma kuliko kwenye hesabu. Jana alifunika hesabu za chini kwa kitabu, akamaliza mbili, nikamwambia nilichokiona. Hakusema kitu, lakini ya tatu aliianza bila kuambiwa, ingawa hakuimaliza. Masikio nitayapeleka hospitali ya Bombo wiki ijayo.

Nina jambo jingine linalonikosesha usingizi. Kuna kikao cha wazazi, na katika shule yake matokeo husomwa kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, watoto wakiwa wamesimama. Mwaka jana walipofika nafasi za mwisho aliniachia mkono akaenda kujificha nyuma ya tangi la maji. Nimwache nyumbani siku hiyo, au niende naye?

23. BabuWaRaskazone

Nenda naye. Dunia inapanga nafasi, na mtoto asiyezoea kusikia nafasi yake ataumia zaidi akiwa mkubwa. Wewe simama pembeni yake, usimwachie mkono.

24. MwalimuWaPongwe

Babu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Mama, nenda kabla ya kikao umwone mwalimu wa darasa, umpelekee barua ya daktari, umwombe mtoto alinganishwe na alama zake za muhula uliopita na nafasi yake usomewe wewe peke yako. Walimu wengi watakubali wakiombwa kwa adabu, kwani wengi wetu tunasoma majina kwa mazoea tu.

25. UstadhWaMsambweni

Na mwalimu akikataa?

26. BabaMikanjuni

Akikataa, mimi ningemwacha nyumbani. Mke wangu angekwenda naye. Tumelibishania jambo hili sebuleni tangu nilipomsomea bandiko la Mama, na hatujaafikiana.

27. FundiBaiskeli_Makorora

Mama, kikao ni siku gani? Kama ni Jumamosi asubuhi, mpitishe Makorora mkitoka, awe amekwenda au hajakwenda. Kijana wa dada atakuwa na gurudumu la Babu mezani, na anahitaji mtu wa kumshikia chaki.